Rangi ya Jumanne

Upande wa kusini wa Glasgow, Barabara ya Glenlarig
ina miti mingi kuliko watu wa kuitazama.
Mizizi imekwisha kuyainua mawe ya kando ya njia.
Kila Oktoba manispaa huandika barua,
na kila Oktoba miti hujibu kwa majani.

Hapa twasalimiana kwa hali ya hewa.
"Manyunyu."
"Naam, manyunyu."
Yatosha. Mwaka wa sita huu nakaa namba kumi na nne,
na jina la mwenye mbwa wa miguu mitatu silijui,
ingawa la mbwa nalijua: Meja.

Halafu mapipa. Kila nyumba ina manne:
la buluu la karatasi,
la kijani la uchafu usio na kwao,
la zambarau la chupa (na chupa zina siri zake),
la kahawia la majani na maganda.
Ratiba tuliletewa mara moja. Nikaibandika kwenye friji,
ikaanguka nyuma ya friji, iko huko hadi leo.
Sikuihitaji. Jumatatu usiku nilichungulia dirishani,
nikaona pipa gani limesimama mbele ya kwa Bi Ishbel Rennie,
nikatoa la rangi ileile.
Nilidhani ni ujanja wangu peke yangu.

Kumbe Tahir wa namba tisa alimtazama yeye,
Zofia daktari wa meno alimtazama Tahir,
wale vijana wa gitaa walimtazama Zofia,
hivyo hivyo hadi kona ya kanisa lililogeuzwa fleti:
nyumba thelathini na mbili zikimwiga kikongwe mmoja
mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta,
naye hana habari kwamba anatawala.

Novemba aliteleza kwenye majani yaliyolowa.
Nyonga.
Gari la wagonjwa lilikuja bila king'ora,
maana ving'ora huku ni utovu wa adabu.
Jumatatu ile usiku nikafungua pazia:
mbele ya kwake, lami tupu.
Pazia la Tahir likafunguka. La Zofia nalo.
Tukatazamana, watu wazima watatu
wenye shahada ukutani,
tumeshindwa na rangi.

Asubuhi barabara ilikuwa kama sanduku la krayoni.
Lori likaja, likasita, likaenda zake.
Mbweha wa bustani ya shule alishafanya karamu,
akaacha mfupa wa kuku kwenye ngazi za mwanasheria,
na mabua ya wali wa jana wa mtu fulani
yametapakaa hadi kwa mtu fulani mwingine.

Ndipo tukatoka na mafagio.
Mwenye Meja anaitwa Lachlan. Hurekebisha piano.
Ni mgane wa mwaka wa pili,
na sisi hatukuwa tunajua hata kwamba alikuwa na mke.
Tulifagia palepale pamoja kwa muda mrefu
kuliko ule uchafu ulivyohitaji.

Tahir akapiga simu wodini, spika juu,
tumeizunguka kama watu wanaoota moto.
Sauti ikatoka, kavu:
"Leo ni kahawia. Miaka yote hiyo mlikuwa mnatazama nini?"
Nani angethubutu kumwambia?
Lachlan akakohoa. "Manyunyu, Ishbel."
"Nimesikia," akasema. "Dirisha langu mimi linatazama ukuta."

Bado hajarudi. Wanasema Machi, labda.
Lakini Jumatatu, saa mbili usiku,
pipa lake liko pale, jepesi, halina hata jani,
namba ishirini na moja aliyoichora kwa mkono wake,
ile moja imeinama kidogo kama mtu anayefunga kiatu.
Nani hulitoa, sijui, na sijauliza.
Nachungulia.
Naenda kutoa langu.